Kitanda cha Mfumi: Chapa Tatu za Mawe za Käthe Kollwitz

Picha ninayokusudia kuieleza ni ndogo sana. Kila upande wake ni wa sentimita 15 na kitu, yaani haitimizi shibiri ya mtu mzima. Ilichorwa juu ya jiwe katika mji wa Berlin, kati ya mwaka 1893 na 1897, na mwanamke aliyeitwa Käthe Kollwitz. Jina lake kwa Kijerumani ni Not, neno liwezalo kufasiriwa kuwa uhitaji, au dhiki. Ndiyo ya kwanza katika mfuatano wa picha sita ziitwazo Ein Weberaufstand, maana yake Uasi wa Wafumi. Tatu za mwanzo ni chapa za mawe, na tatu za mwisho ni chapa za mabamba yaliyochimbwa kwa tindikali. Nataka kukaa zaidi na hizo za mwanzo, kwa kuwa ndani yake mna jambo moja ambalo wazisifuo hulipita mara nyingi bila kulitazama, na ambalo, ajabu, lilionwa vema na mtu aliyezikataa.

Tutazame kwanza kilichomo. Chumba ni kifupi, dari yake imeshuka karibu na vichwa vya watu, na dirisha lake ni dogo. Mbele kabisa pana kitanda, na juu yake amelala mtoto aliyedhoofika. Uso wake na matandiko yake ndivyo vyeupe kuliko kitu chochote katika picha. Mama ameinama juu yake, ameshika kichwa kwa mikono miwili. Nyuma, upande wa dirishani, mtu mzima ameketi pamoja na mtoto mwingine, wanatazama. Mahali pote palipobaki pamejaa kitanda cha pili: kitanda cha mfumi, chenye miti yake na nyuzi zake.

Kwa Kijerumani kitanda cha kulalia na kitanda cha kufumia ni maneno mawili yasiyo na udugu. Hicho cha pili huitwa kwa neno ambalo asili yake ni kiti cha kufumia. Lugha yetu hutumia neno moja, kwa kuwa vyote viwili vimetoka katika kutanda. Kamba hutandwa juu ya miti ili mtu alale, na nyuzi hutandwa juu ya miti ili nguo ifumwe. Nyuzi zilizotandwa ndizo mtande, na zile zipitishwazo kati yake ni mshindio. Leo wafumi ni wachache katika pwani yetu, na yamkini msomaji kijana hajapata kuona kitanda cha namna hiyo ila katika jumba la makumbusho. Maneno lakini yamebaki, na yanatufaa hapa. Atazamaye picha hii kwa macho ya Kiswahili huona upesi kuwa vitanda viwili vimewekwa katika chumba kimoja, vinagombea nafasi, na cha kufumia kimekishinda cha kulalia.

Tena hakifumi. Picha hii hutajwa siku zote miongoni mwa picha za kazi, na ni haki kutajwa hivyo. Walakini hapana hata mtu mmoja afanyaye kazi ndani yake. Chombo cha kazi kipo, kimemeza nyumba nzima, na wenye nyumba wameketi pembeni mwake kama wageni. Msanii dhaifu angalimchora mfumi ameinama kazini, jasho likimtoka, ili tumwonee huruma. Kollwitz alikiacha kitanda kitupu, akatuacha tujiulize jinsi watu wenye chombo, wenye ujuzi, na waliofanya kazi usiku na mchana, wanavyoweza kufikwa na njaa mbele ya chombo hicho hicho.

Jibu lake lilikuwa na historia. Katika milima ya Silesia, jimbo lililokuwa wakati ule chini ya mfalme wa Prussia, maelfu ya watu waliishi kwa kufuma kitani na pamba majumbani mwao. Tajiri aliwapa uzi; mume alifuma, mke na watoto walizungusha nyuzi; kisha nguo ilipelekwa kwa tajiri, ikapimwa, ikatafutwa makosa, na ujira ukakatwa kwa kila kosa lililopatikana au kubuniwa. Wengine walidaiwa zaidi ya hayo kodi na bwana wa shamba kwa ruhusa tu ya kufuma. Nguo za mashine kutoka Uingereza ziliposhusha bei katika masoko, matajiri walishusha ujira, na mfumi hakuwa na jingine la kufanya ila kufuma zaidi kwa malipo machache zaidi. (Karne ile ile nguo za mashine kutoka Massachusetts zilifika Unguja na kuenea barani hata zikapata jina lao, merikani. Hatuna haja ya kulinganisha mambo yasiyolingana, ila ni vema kukumbuka kuwa mashine zile zilikuwa na mkono mrefu.)

Tarehe 4 Juni 1844 wafumi wa kijiji cha Peterswaldau, ambacho leo kimo katika nchi ya Poland na chaitwa Pieszyce, waliiendea nyumba ya akina Zwanziger, matajiri waliochukiwa kuliko wote, wakaivunja. Siku ya pili, katika kijiji cha jirani cha Langenbielau, askari walipiga risasi katika kundi la watu, na watu 11 wakafa. Haukupita muda uasi ukazimwa. Ulikuwa uasi mdogo ukipimwa kwa idadi ya siku na ya wafu, lakini washairi na waandishi waliushika, na Heinrich Heine aliutungia shairi mwaka ule ule.

Karibu miaka 50 baadaye Gerhart Hauptmann, ambaye babu yake mwenyewe alikuwa mfumi katika Silesia, aliandika mchezo uitwao Die Weber, Wafumi. Polisi wa Berlin walikataza usionyeshwe hadharani. Kwa hiyo ulionyeshwa kwanza tarehe 26 Februari 1893 mbele ya wanachama tu wa jamii ya mchezo, ambao sheria ya marufuku haikuwafikia. Katika waliohudhuria alikuwamo Käthe Kollwitz. Alikuwa na umri wa miaka 25. Alizaliwa Königsberg mwaka 1867, akajifunza kuchora Berlin na Munich, akaolewa mwaka 1891 na Karl Kollwitz, tabibu aliyewatibu wafanyakazi wa mtaa wa kaskazini wa Berlin kwa malipo ya chama cha bima ya ugonjwa. Alikuwa ameanza wakati ule michoro ya kitabu cha Zola juu ya wachimba makaa, Germinal. Aliporudi kutoka mchezoni aliiacha, akaanza Wafumi, na kazi hiyo ilimchukua miaka minne na zaidi, kati ya malezi na shughuli za nyumba.

Alikusudia picha zote sita ziwe za mabamba. Mwenyewe ameeleza baadaye, bila kuficha, kuwa ujuzi wake wa tindikali ulikuwa bado mdogo, majaribio yakamharibikia, na ndiyo sababu tatu za mwanzo zikafanywa kwa mawe. Basi jiwe lilikuwa kimbilio lake. Lakini mara nyingi mtu hukimbilia mahali ambapo ndipo hasa alipostahili kwenda, na kwa kuwa mambo mengi katika picha hizi yametokana na jiwe, yafaa nieleze jinsi linavyofanya kazi.

Chapa ya jiwe, au lithografia, ilibuniwa na Alois Senefelder huko Munich katika miaka ya mwisho ya karne ya 18. Katika kazi hii jiwe halichongwi. Jiwe la chokaa lenye chembe ndogo, na yaliyo bora yalichimbwa Solnhofen katika Bavaria, husuguliwa kwa mchanga na maji mpaka uso wake uwe sawasawa. Mchoraji huchora juu yake kwa chaki au wino wenye mafuta. Kisha jiwe hupakwa gundi ya miti ya jamii ya mgunga iliyotiwa tindikali kidogo, ili mahali pasipochorwa pashike maji na kukataa mafuta. Jiwe likiisha kuloweshwa na kupitishiwa rola ya wino, wino hushika palipochorwa tu. Karatasi ikigandamizwa juu yake hutoka na picha, kuume kwake kumekuwa kushoto. Wasomaji wenye vitabu vya zamani vya Kiarabu vilivyopigwa chapa Bombay, ambavyo viliingia sana pwani yetu, huenda wamekwisha kuiona kazi ya jiwe pasipo kuijua. Maandiko ya vitabu hivyo yana mwendo wa mkono wa mwandishi kwa sababu ni mkono wenyewe wa mwandishi.

Faida yake kwa Kollwitz ilikuwa mbili. Kwanza, chaki juu ya jiwe hutoa weusi mwororo, mzito kama masizi, ambao sindano juu ya bamba huupata kwa taabu. Pili, weusi huo waweza kukwanguliwa. Mchoraji akiisha kulitia jiwe giza, huchukua kisu au sindano akakwangua, na kila anapokwangua mwanga hutokea. Katika Not matandiko ya mtoto na uso wake yanaonekana kama yametolewa gizani kwa nguvu. Hapana taa iliyowashwa chumbani. Mwanga mdogo wa dirisha umepita juu ya kitanda cha mfumi, ukakwama katika nyuzi na miti, ukamfikia mtoto kwa mabaki. Huwezi kuutenga mwanga na chombo.

Picha ya pili ni Tod, Kifo. Giza limezidi. Mshumaa mmoja unawaka, na nyuma yake mtoto ametoa macho, amekabili moja kwa moja upande wetu. Mama ameegemea ukutani, hana nguvu, na kutoka gizani mkono wa mifupa mitupu umenyoshwa kumgusa. Baba amesimama. Wengi huona mifupa hiyo kuwa udhaifu wa picha, kitu kilichoazimwa katika michoro ya kale ya Ulaya, na mimi nakubaliana nao kwa kiasi. Chumba chenyewe kilikwisha kusema ya kutosha. Lakini baba yule ananizuia kuihukumu upesi. Mikono yake ipo nyuma. Mtu ambaye maisha yake yote yamekuwa katika mikono, siku ya msiba haina kazi, naye ameiweka nyuma yake kama asiyejua mahali pa kuiweka.

Ya tatu ni Beratung, Shauri. Wanaume wanne wamezunguka meza usiku, vichwa vimekaribiana. Hawaonekani vema, giza limewafunika, na hili ndilo la kusifiwa. Mchoraji wa matangazo ya siasa angaliwapa nyuso za mashujaa. Hapa twaona migongo na mabega, tunafahamu kuwa neno linasemwa, wala hatulisikii.

Nitazipita kwa haraka picha tatu za mabamba, ambazo ndizo zilizopata sifa nyingi zaidi. Katika Weberzug wafumi wanakwenda njiani, wengine wameshika mashoka, na mwanamke mmoja amembeba mgongoni mtoto aliyelala. Katika Sturm wamefika mbele ya lango la tajiri lenye marembo, na wanawake wanang'oa mawe ya barabara na kuyatoa. Ya mwisho, Ende, inarudi ndani ya nyumba. Maiti wanaletwa na kulazwa sakafuni, moshi wa bunduki uko mlangoni, mwanamke amesimama amekunja ngumi, mikono yake imening'inia. Kitanda cha mfumi kipo pale pale. Kabla ya uasi kilikuwapo, na baada ya uasi kipo. Watu ndio waliopungua. Kwa maoni yangu mfuatano mzima umejengwa juu ya chombo hicho, wala si juu ya lango lile.

Mwaka 1898 picha hizi zilionyeshwa katika Maonyesho Makubwa ya Sanaa ya Berlin. Miongoni mwa waamuzi alikuwamo Adolph Menzel, mzee wa miaka 82, mchoraji aliyeheshimiwa kuliko wote katika Prussia, na kwa shauri lake baraza likapendekeza Kollwitz apewe medali ndogo ya dhahabu. Pendekezo lilipelekwa kwa Kaizari Wilhelm II, naye akalikataa. Alishauriwa hivyo na waziri wake, Robert Bosse. Waziri hakusema kuwa picha ni mbaya. Aliusifu hata ufundi wake. Sababu yake ilikuwa kwamba katika habari yenyewe na katika jinsi ilivyochorwa, kwa uhalisi mtupu, hamna chochote cha kupooza wala cha kupatanisha, na kwa hiyo dola haiwezi kuisifu hadharani.

Nasema kuwa waziri aliisoma picha sawasawa. Kumbuka kuwa kuchora kazi hakukuwa kosa. Menzel huyo huyo, kati ya mwaka 1872 na 1875, alichora picha kubwa ya kiwanda cha kufulia chuma, Eisenwalzwerk, yenye urefu wa zaidi ya mita mbili na nusu. Ndani yake wanaume wamevaa nguo chakavu, wanahangaika na chuma chekundu, wengine wanakula pembeni, wengine wananawa. Jumba la Taifa la Sanaa la Berlin liliinunua mara moja, na hapana aliyeona hatari. Mwaka ule ule wa 1898 Kaizari alimtunuku Menzel nishani ya Tai Mweusi, ambayo ndiyo ya juu kabisa katika Prussia. Tofauti haikuwa katika taabu ya wafanyakazi, maana kiwanda kile kina taabu nyingi. Lakini chuma kinafuliwa, reli zitapatikana, nchi inasonga mbele. Mtazamaji hupewa kitu cha kujituliza. Katika chumba cha mfumi nguo haipatikani. Mtoto ndiye apotezaye maisha, na hapana faida yoyote iwekwayo upande wa pili wa mizani. Hicho ndicho kipoozeo ambacho waziri alikitafuta asikione, na watu wengi waliompenda Kollwitz wamekitia wao wenyewe kwa kumwita msanii wa huruma, kana kwamba huruma ya mchoraji ndiyo malipo ya kifo cha mtoto.

Mwenyewe hakulikubali jina hilo kwa urahisi. Katika kumbukumbu alizoandika uzeeni, mwaka 1941, alieleza kuwa huruma haikuwa sababu yake ya kwanza ya kuchora wafanyakazi. Aliwachora kwa kuwa aliwaona wazuri. Utotoni Königsberg alizoea kutembea bandarini, akawatazama mahamali wakipakia na kupakua vyombo, na miendo yao ikampendeza, ilhali maisha ya watu wa tabaka lake yalimchosha. Huruma, na hasira pia, zilikuja baadaye, alipofahamiana na wanawake waliokuja kwa mumewe kutafuta dawa, wakakaa na yeye wakamweleza habari zao. Baadhi ya wasomaji wake wameona haya kwa ungamo hilo. Sioni sababu. Mtu aliyevutwa na miili ya watu wa kazi huyajua mabega na mikono yao kabla ya kujua dhiki yao, na ndiyo maana aliweza kuiweka mikono ya yule baba mahali palipostahili. Aliyeanza na huruma angaliichora imeombwa.

Mwaka 1899 mji wa Dresden ulimpa medali ambayo Berlin ilimnyima, na mkuu wa hazina ya chapa ya mji huo, Max Lehrs, akanunua picha zake. Kaizari hakubadili moyo. Mwezi wa Desemba 1901, akihutubia wasanii, alishutumu sanaa ionyeshayo unyonge kuwa wa kutisha kuliko ulivyo, akasema kuwa sanaa hiyo imeshuka mferejini. Hakumtaja mtu.

Kisha ikaja mwaka 1906, na Kollwitz akarudi kwenye jiwe. Berlin kulikuwa na maonyesho juu ya kazi zifanyiwazo majumbani: watu, na wengi wao wanawake, walishona na kutengeneza bidhaa vyumbani mwao kwa ujira wa kila kipande, wakipewa vifaa na tajiri kama wafumi wa Silesia walivyopewa uzi miaka 60 kabla. Alichora tangazo la maonyesho hayo. Safari hii hakutia chumba, wala mtoto, wala chombo chochote cha kazi. Tangazo lina mwanamke mmoja peke yake, uso umechoka, macho yameingia ndani, mdomo umefumbwa. Lilibandikwa barabarani. Auguste Viktoria, mke wa Kaizari, alikataa kufika maonyeshoni maadamu tangazo lile lingali limebandikwa.